Bawa la kushoto linazama: CH 701 yangu hapa Lindi

Fundi Korosho, Lindi

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi.

Naomba mnisaidie kuhusu bawa zito. Ndege ni Zenith CH 701, ile ndogo ya viti viwili aliyoibuni Chris Heintz, bawa juu, gurudumu moja mbele na mawili nyuma, injini Rotax 912 ya nguvu farasi 80. Nimeiunga kwa miaka sita katika karakana ninamotengenezea mashine za kubangulia korosho, mimi na mpwa wangu, riveti kwa riveti. Ukaguzi umepita, namba za 5H, yaani za usajili wa Tanzania, ubavuni nimezipaka kwa mkono wangu, kibali cha majaribio ninacho, abiria sipakii. Rubani mstaafu aliyenifundisha kuruka ndiye aliyeipandisha mara ya kwanza pale Kikwetu, uwanja wetu wa ndege. Alipotua akazima injini, akavua miwani, akaniambia, "Inaruka vizuri. Ila ina mkono wa kushoto." Maneno hayo nimelala nayo miezi mitatu sasa.

Hali yenyewe ni hii. Nikiwa futi 1,500 juu ya ghuba, mwendo kilomita 130 kwa saa, injini mizunguko 5,000 kwa dakika, nikiachia fimbo ya kuongozea bawa la kushoto linaanza kushuka. Si la kuanguka, linazama taratibu kama mtumbwi unaovuja upande mmoja. Mpwa wangu alinishauri nihesabu badala ya kulalamika, nikaanza kuhesabu. Nikitoka tu Kikwetu, bawa linachukua sekunde nane hivi kulala digrii 15. Nikirudi kutoka upande wa Mchinga baada ya saa nzima, sekunde tatu. Wakati huo mkono wa kulia umeshachoka kuisukuma fimbo.

Niliyoyafanya mpaka sasa. Nimepima mabawa upya kwa pima maji na timazi, ndege ikiwa imesawazishwa sakafuni. Pembe za mabawa mawili zimepishana kwa digrii 0.1 tu, na hiyo 0.1 siiamini sana kwa sababu sakafu yenyewe niliimwaga mwenyewe. Nikarefusha ule mtaimbo mdogo unaosukuma flaperoni ya kushoto (lile bapa la nyuma ya bawa linalopanda na kushuka ili kuilaza ndege upande), mizunguko miwili ya uzi, nikitegemea flaperoni ishuke kidogo na bawa lipande. Matokeo yake fimbo ya rubani sasa inasimama imeinama, na bawa linazama vilevile. Kisha nikafunga kibati cha alumini, upana vidole vitatu, urefu shibiri moja, kwenye ukingo wa nyuma wa flaperoni hiyohiyo ya kushoto, nikakipinda chini. Hapo pakaharibika zaidi. Nilizunguka uwanja mara moja, nikarudi chini, nikafunga banda.

Kuna rafiki ameniambia dawa ni kuizungusha nguzo ya nyuma inayoshikilia bawa kutoka mwilini ili bawa lote lijipinde kidogo. Nguzo zile ndizo zinazonishika angani. Naogopa kuzigusa kwa kubahatisha.

La pili, injini inatetemeka kati ya mizunguko 3,000 na 3,800. Ikipita 4,200 inatulia kabisa. Nikiizima, kesho yake nakuta alama ya petroli iliyokauka chini ya bakuli la kabureta ya kulia, rangi ya chai ya rangi.

Niongeze kwamba huku ni msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho. Kila Jumamosi kabla ya lolote naosha ukingo wa mbele wa mabawa kwa maji na sabuni, na kitambaa kinatoka cha njano. Chumvi ya bahari peke yake ni adui tosha wa alumini, sitaki apate mwenza. Nauliza: vumbi hilo likijijenga upande mmoja, linaweza kuwa ndilo linalolemea bawa?

---

Fundi Mstaafu, Mtwara

Marahaba mdogo wangu. Hongera kwa kazi, na hongera zaidi kwa kurudi chini ulipoona pameharibika. Nimelala chini ya matumbo ya ndege miaka 31, nitakujibu kwa mpangilio ninaoutumia mimi, si ule uliouliza.

Nguzo za bawa usiziguse. Salfa iache, unaiosha, imekwisha.

Halafu rudi kwenye maandishi yako. Umesema sekunde nane mwanzo wa safari, sekunde tatu mwisho wake. Ukaandika, ukapita. Hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote uliyotuletea. Bati halijipindi zaidi kadiri saa inavyokwenda, na pembe ya bawa haibadiliki kati ya Kikwetu na Mchinga. Kitu pekee kinachobadilika uzito ndani ya ndege yako ukiwa hewani ni petroli. Una matangi mawili, moja kila bawa, na nikiifahamu ndege hiyo yote mawili yanashuka kwa uzito wake mwenyewe hadi kwenye bomba moja. Kwa hiyo nakuuliza: unaporudi, kila upande umebaki lita ngapi? Ukinijibu "sijui", tumepata pa kuanzia.

Panda kwenye stuli utazame vifuniko vya matangi. Kila kimoja kina kijibomba cha kupumulia kinachotakiwa kuutazama upepo wa mbele. Watu wengi hudhani kazi yake ni kuingiza hewa tu ili tangi lisijinyonge. Kazi yake ya pili ni kusukuma. Ukienda kilomita 130 kwa saa, upepo unaoingia pale unasukuma kwa nguvu ya maji yenye kina cha karibu sentimita 8. Petroli ni nyepesi kuliko maji, basi ni kama sentimita 11 za petroli. Sasa fikiria kijibomba cha upande wa pili kimegeuka nyuma. Huko hakuna kusukumwa, kuna kunyonywa. Tangi moja linajiona limejaa sentimita 11 zaidi ya lilivyojaa, lenzake linajiona limepungua, na kina cha matangi yenyewe hakifiki hata shibiri. Injini itanywa upande mmoja tu. Tena inawezekana petroli ikapita kwenye bomba la pamoja ikahamia ule upande usionywewa.

Hilo si suala la mkono kuchoka. Siku upande unaonywewa utakapokauka na huu mwingine hautaki kutoa, injini itazima ukiwa na tangi zima la petroli juu ya kichwa chako. Usiruke tena mpaka ulitazame.

Kuhusu mtaimbo wa flaperoni. Hizo flaperoni mbili zimeunganishwa. Ukiachia fimbo, upepo wenyewe unazipeleka mahali ambapo misukumo ya pande mbili inalingana, hauangalii uzi wako umezunguka mara ngapi. Ukirefusha mtaimbo mmoja unahamisha mahali pa fimbo kusimama, basi. Ndiyo maana imeinama na bawa halijasikia kitu. Irudishe kama ilivyokuwa kwenye mchoro.

Kibati nacho ulikipinda kinyume, na usione haya, nimeona wenye vyeti wakikosea hapohapo. Kibati hakinyanyui bawa, ni kidogo mno. Kinachofanya ni kuisukuma flaperoni. Ukitaka flaperoni ya kushoto ishuke ili bawa la kushoto lipande, kibati chake kielekee juu: upepo unakikandamiza chini, nacho kinaivuta flaperoni kwenda chini. Wewe ulikipinda chini, upepo ukakisukuma juu, flaperoni ikapanda, bawa likazidi kuzama.

Lakini kibati ni cha mwisho. Kabla yake niambie gololi ya usawa, ile ya kwenye kijiti cha kioo kilichopinda mbele ya rubani inayoonyesha kama ndege inakwenda upande, imekaa wapi unaporuka moja kwa moja. Ikiwa imekimbilia kulia, pua yako inaelekea kushoto na upepo unakupiga shavu la kulia. Bawa la kulia linapata upepo mwingi kuliko la kushoto, na kushoto kunazama. Hapo utakuwa unalipiga bawa kwa kosa la mkia.

Kabureta: fungua bakuli, toa maboya, yapime uzito. Rotax wanasema maboya mawili ya kabureta moja yasizidi gramu 7 kwa pamoja. Boya likinywa petroli linakuwa zito, linaelea chini kuliko inavyotakiwa, petroli inapanda kwenye bakuli kupita kiasi, na upande huo wa injini unakula mchanganyiko mzito. Alama ya rangi ya chai uliyoitaja inanielekeza huko.

---

Binti Shangani, Mtwara

Shikamooni wazee wangu.

Mimi si wa ndege, ni fundi wa injini za boti hapa Shangani. Naingilia kwa sababu ya ule mtetemo tu, mengine namwachia Fundi Mstaafu.

Injini yenye kabureta mbili ni kama vijana wawili waliobeba jokofu ngazini. Mmoja akitangulia hatua moja, jokofu linayumba, hata kama wote wana nguvu. Mizunguko ikiwa mikubwa milango ya kabureta imefunguka sana, tofauti ndogo haionekani. Ikiwa katikati, tofauti ya unene wa kadi ya simu kwenye waya mmoja inatosha kukutingisha meno. Baba, nakuomba usiyasawazishe mpaka maboya yawe mazima. Ukisawazisha kabureta inayofurika utakuwa umesawazisha kosa.

Maboya yakishakuwa sawa, kwanza hakikisha kwa macho: mtu mmoja akivuta akselereta polepole, wewe weka kidole kwenye kila mkono wa kabureta, uone yote miwili inaondoka kwenye skrubu ya sailensa (ule mwendo wa chini kabisa wa injini) kwa wakati mmoja na inafika mwisho kwa wakati mmoja. Kisha ndipo ufunge geji mbili za kunyonya kwenye bomba linalounganisha pande mbili, injini ikiwa imeshapata joto. Anzia sailensa, panda mpaka 2,500 hivi, uone sindano zinakwenda pamoja. Zikiachana, rekebisha waya wa upande unaochelewa, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko. Mimi hufanya hivyo kwenye boti nikiwa nimekaa, lakini wewe mbele yako kuna panga boi, propela ya ndege, linazunguka na halionekani. Funga mkia kwa kamba kwenye kitu kisichong'oka, weka magogo magurudumuni, na mtu wa kwenye akselereta awe mtu mzima anayejua mkono wake unafanya nini. Mwaka juzi nilimpoteza jirani kwa propela ya boti iliyowashwa bila kuangaliwa, ndiyo maana naandika hivi.

Nina swali pia. Waya wa akselereta ukikatika kwenye Rotax, inakuwaje? Kwenye boti nyingi injini inarudi chini.

---

Mtu wa Masasi

Mimi nina trekta, sina ndege. Lakini aliyosema mzee kuhusu kupumua kwa tangi nimeyaonja. Nyigu, hawa wanaojenga kwa udongo, alinizibia tundu la kifuniko. Trekta inawaka vizuri asubuhi, inalima dakika ishirini, inazima. Nikifungua kifuniko nisikie "fyuu", nikifunga, inawaka tena. Nilibadilisha pampu, nikabadilisha filta, nikakosana na fundi. Kumbe ni donge la udongo ukubwa wa punje ya mtama. Ndege ikikaa bandani wiki nzima, nyigu hana habari kama ni ndege. Viziba vya kitambaa chekundu, uvitoe kabla ya kuruka.

---

Fundi Mstaafu, Mtwara

Binti yangu, swali zuri. Kwenye Rotax 912 ni kinyume cha boti zako. Kuna springi zinazovuta kabureta zifunguke. Waya ukikatika, upande huo unafunguka mpaka mwisho. Waliona afadhali rubani abaki na nguvu nyingi kuliko kukosa kabisa. Kwa hiyo Fundi Korosho, unapokagua waya usikague kwa kupapasa, vuta mpira wake nyuma utazame nyuzi.

Mtu wa Masasi amesema kweli tupu. Nimetoa nyigu kwenye mirija ya kupimia mwendo zaidi ya mara nne.

---

Fundi Korosho, Lindi

Wazee wangu na dada yangu, nimerudi. Wiki tano zimepita, nilitaka nije na namba.

Fundi Mstaafu, uliponiuliza lita ngapi zinabaki kila upande, nilitaka kujibu sijui. Kisha nikakumbuka daftari. Kila nikitua najaza petroli kwa kopo la lita moja lililokatwa, kupitia kitambaa, na mpwa wangu anaandika kila kopo kwa sababu petroli tunachangia. Tukalifungua juu ya meza. Kila safari kulia kumeingia makopo mengi, kushoto machache. Safari ya Mchinga: ndege iliondoka na lita 30 kila upande, kulia tukaongeza lita 15, kushoto 2. Kumi na tano na mbili! Tofauti ya lita 13, karibu kilo tisa na nusu za petroli zikining'inia bawa la kushoto, na mimi nikiwa ndiye niliyemimina kila kopo kwa mkono wangu. Mpwa wangu alinyamaza kimya, akaenda kuleta stuli.

Kifuniko cha kulia: kijibomba kinatazama mbele, sawasawa na pua ya ndege. Kifuniko cha kushoto: kijibomba kinatazama mkia. Si kimepinda, kimetazama nyuma kabisa. Nikasimama pale juu ya stuli nikikishika kwa vidole viwili, nikakifungua, nikakifunga, kikaishia palepale. Ndipo nikaona mpira wake. Ule wa asili ulikuwa umechanika kabla ya safari ya kwanza, nikakata mwingine kutoka kwenye mpira wa mashine ya korosho. Ni mwembamba kuliko wa asili. Kifuniko kinapata nafasi ya kuzunguka nusu duara zaidi kabla hakijakaza. Nusu duara! Nilipoukata mpira ule niliangalia kama unavuja, ukawa hauvuji, nikaridhika.

Nimeagiza mipira miwili ya asili, nimebadilisha pande zote, na nimepaka mstari mwekundu kwenye kifuniko na mwingine kwenye bati la bawa ili vikutane. Mtoto wa darasa la pili anaweza kukagua.

Sikuruka, kama ulivyoniamuru. Wakati mipira inasubiriwa nikafungua mabakuli ya kabureta. Hapa mjini mizani ya gramu ndogo ni ya sonara. Nilimpelekea maboya manne ndani ya kitambaa safi. Alipokea akidhani naleta vikuku, akayatazama, akaniuliza ni madini gani, nikamwambia ya kuelea. Akaweka mawili ya kushoto: gramu 6.2. Akaweka mawili ya kulia: gramu 8.1. Nikamwomba arudie, akarudia, 8.1. Akayapima moja moja bila kuombwa, kwa udadisi wake mwenyewe: moja lilikuwa 3.1, lenzake 5.0. Boya moja tu ndilo limekunywa. Kwa macho hayana tofauti hata kidogo, weusi uleule. Hakunitoza hata senti.

Maboya mapya yamekuja kutoka Dar es Salaam kwa basi. Nimebadilisha yote manne. Alama ya chai haijarudi tena. Kisha tukasawazisha kabureta alivyoeleza Binti Shangani, mkia umefungwa kwa kamba mbili kwenye nguzo ya zege, mpwa wangu akiwa kwenye akselereta na mimi pembeni nyuma ya mabawa. Waya wa kulia ulikuwa unachelewa. Ulichukua mzunguko mmoja na robo mpaka sindano zikaenda pamoja. Dada, niliposikia sauti ya injini inabadilika pale kwenye 3,000 nilishindwa kusema kitu. Ilikuwa kama watu waliokuwa wanazungumza kwa pamoja, ghafla wakaanza kuimba. Miaka sita naunga bati, sikuwahi kujua injini hii ina sauti hiyo.

Ndipo nikaruka. Mtaimbo nimeurudisha kwenye kipimo cha mchoro, kibati nimekitoa. Asubuhi, kabla kusi halijaamka, lita 30 kila upande, saa moja na dakika tano, Kitunda, mdomo wa Lukuledi, kaskazini kidogo, nikarudi. Mabaki: kushoto lita 22, kulia 21. Na bawa: sekunde nane mwanzoni, sekunde nane mwishoni. Ule ugonjwa uliokuwa unazidi umekwisha. Umebaki ule wa kudumu.

Gololi sasa. Kwa mwendo wa 130 inakaa kulia, imetoka katikati kama nusu ya unene wake. Sikuwahi kuitilia maanani kwa sababu nilikuwa naitazama nikipanda, na nikipanda mguu wa kulia uko kazini tayari. Nikikanyaga pedali ya kulia kidogo mpaka gololi irudi, bawa lenyewe linatulia, sekunde kumi na tano na zaidi. Yaani nusu ya kosa ilikuwa mkia, kama ulivyosema. Kwenye 701 mkia wote wa wima ndio usukani, basi nimefunga kibati kidogo kwenye ukingo wake wa nyuma, kimepindwa kushoto ili upepo uusukume usukani huo kulia na pua ifuate. Nimeanza na digrii tano kwa gundi ya kanda tu, nikaruka, nikaongeza hadi nane, ndipo nikapiga riveti.

Kilichobaki ni kidogo. Nimeweka kibati kwenye flaperoni ya kushoto, safari hii kikielekea juu, upana wa kidole kimoja tu. Jumamosi iliyopita niliachia fimbo juu ya ghuba nikahesabu mpaka ishirini na tano. Bawa likafikiria, likashuka kidogo, upepo ukaligusa, likarudi. Nilikuwa nimeweka mikono yote miwili magotini. Chini yangu maji yalikuwa yamekupwa, wanawake walikuwa wanatafuta pweza mwambani na vijiti vyao, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kuruka hii ndege niliwatazama. Kabla ya hapo macho yangu hayajawahi kutoka kwenye geji.

Nimebaki na swali moja. Kwa 130 gololi iko katikati. Nikipanda kwa mwendo wa 95 na nguvu yote, inakimbilia kulia tena na lazima nikanyage. Nikishuka injini ikiwa chini, inakwenda kushoto kidogo. Niongeze kibati cha mkia mpaka kupanda nako kuwe sawa?

---

Fundi Mstaafu, Mtwara

Usiongeze. Kibati kinafanya kazi kwa mwendo mmoja na nguvu moja. Ukipanda, panga boi linasukuma kwa nguvu na upepo wake unauzunguka mwili wa ndege na kuupiga mkia kutoka kushoto, pua inakwenda kushoto. Hapo mguu wako ndio kibati. Ukishuka nguvu imeondoka, kwa hiyo zile digrii nane ulizopinda zinaonekana zimezidi. Zote mbili ni dalili kwamba ndege iko kawaida. Ukikipinda ili kupanda kuwe sawa, utaruka saa nzima ukikanyaga kushoto kwa ajili ya dakika tatu za kupanda.

Ukibadilisha pembe ya panga boi siku moja, gololi itahama tena, kidogo. Kwa hiyo andika kwa kalamu ya wino usiofutika juu ya kibati chenyewe: digrii, mwendo, mizunguko, tarehe. Na lile daftari la makopo usiliache, hata petroli ikiacha kuwa ya kuchangia.

---

Binti Shangani, Mtwara

Baba, maboya yale ya zamani usiyatupe. Yaandike uzito wake uyatundike ukutani bandani. Mimi pistoni zangu zilizokufa nimezipanga dirishani, kila kijana anayekuja kujifunza huanzia hapo.

---

Fundi Korosho, Lindi

Yako ukutani tangu jana. Mpwa wangu ameandika 8.1 kwa chaki chini yake. Kesho alfajiri rubani wangu mstaafu anakuja kutoka Mtwara na basi la kwanza, nitamwachia fimbo na mimi nibaki chini na daftari.